Kucheza Gemu Kupitia Wingu: Kodi Mashine, Usinunue Gemu Ndani Yake

Watu wanapojadili kama inafaa kulipia huduma ya kucheza gemu kupitia wingu, mazungumzo huanza na ubora wa picha, kasi ya intaneti na wingi wa gemu zilizomo. Naona mambo hayo yanapaswa kuja baadaye. La kwanza ni kujua utabaki na nini siku huduma hiyo itakapofungwa, au siku wewe mwenyewe utakapoamua kuacha kulipa. Nimezipima huduma hizi kwa kigezo hicho, na iko moja tu ambayo naweza kumshauri msomaji ailipie kwa pesa yake, nayo ni GeForce NOW ya Nvidia, kampuni ya kutengeneza kadi za grafiki, tena alipe mwezi kwa mwezi na awe anaishi karibu na vituo vyake vya data. Kwa msomaji aliye Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Bujumbura ushauri wangu ni mwingine, na nitaueleza kwa kirefu, kwa sababu matangazo ya huduma hizi humfikia kila siku katika simu yake bila kumwambia kwamba hayakuandikwa kwa ajili yake.

Kwa asiyezijua, huduma hizi hufanya kazi hivi. Gemu haiendeshwi na simu, runinga wala kompyuta yako, bali na mashine yenye nguvu iliyo katika kituo cha data, pengine mamia ya kilomita kutoka ulipo. Unapobonyeza kitufe kwenye pedi, amri husafiri hadi kwenye mashine hiyo, mashine huchora picha mpya, huibana kama video na kuirudisha, na kifaa chako huifungua na kuionyesha. Kwa njia hiyo kompyuta ndogo ya mwanafunzi, isiyo na kadi ya grafiki, inaweza kuonyesha gemu ambayo kwa kawaida ingedai mashine ya zaidi ya dola 1,000. Faida hiyo ni ya kweli wala sitaki kuipunguza. Lakini kila kitu sasa kinategemea watu wengine: nyaya zao, mashine zao, mikataba yao na utayari wao wa kuendelea na biashara.

Hilo la mwisho ndilo lililowaumiza wengi. OnLive ilitangazwa Machi 2009 na kuanza kuhudumia wateja Marekani Juni 2010, ikisifiwa kuwa mwisho wa mashine za kuchezea gemu. Agosti 2012 wafanyakazi wake waliachishwa kazi na mali zake zikahamishiwa kampuni mpya iliyobeba jina lilelile, na Aprili 2015 Sony ikanunua hataza zake. Tarehe 30 ya mwezi huo huduma ikazimwa. Mtu aliyekuwa amenunua haki ya kucheza gemu ndani ya OnLive hakuwa na diski, hakuwa na faili, wala hakuwa na mahali pengine pa kuipeleka haki hiyo.

Google ilikuja na Stadia, na kwa kuwa ilikuwa Google, watu waliamini kwamba safari hii mambo yangekuwa tofauti. Huduma ilitangazwa Machi 2019 na kufunguliwa tarehe 19 Novemba mwaka huo katika nchi 14, pamoja na kifurushi cha kwanza cha dola 129 kilichokuwa na pedi na Chromecast Ultra, kifaa cha kuchomeka kwenye runinga. Kiufundi Stadia ilistahili heshima. Desemba 2020 gemu ya Cyberpunk 2077 ilipotoka ikiwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba Sony iliiondoa kwa muda katika duka la PlayStation, wenye PS4 walikuwa wakilalamika huku wa Stadia wakiicheza vizuri kwenye kivinjari cha kompyuta za kawaida. Mashine mpya zilikuwa adimu madukani wakati huo, na kama huduma ya wingu iliwahi kupata nafasi ya kuthibitisha thamani yake, ilikuwa wiki zile.

Ubaya wa Stadia ulikuwa katika mpango wake wa biashara. Gemu nyingi zilinunuliwa moja moja kwa bei kamili, na gemu uliyoinunua iliweza kuchezwa ndani ya Stadia tu. Februari 2021 Google ilifunga studio zake za kutengeneza gemu, jambo ambalo kwa mtazamaji makini lilikuwa onyo tosha. Tangazo la kufunga huduma yenyewe lilitoka tarehe 29 Septemba 2022, na tarehe 18 Januari 2023 ikazimwa. Google iliwarudishia wateja pesa za vifaa na za gemu walizonunua katika maduka yake, ingawa ada za kila mwezi hazikurudishwa, na pedi zikafunguliwa ili zitumike kwa Bluetooth na vifaa vingine. Ulikuwa uungwana, na nautaja kwa sababu watu husahau. Ila kurudisha pesa kwa kiwango kile kunahitaji mfuko wa Google, na hakuna sheria ninayoijua ambayo ingeilazimisha kampuni ndogo kufanya vivyo hivyo. Tena pesa haikurudisha maendeleo ya mchezaji: aliyekuwa amefika katikati ya gemu ndefu alitegemea hisani ya kampuni iliyoitengeneza, na baadhi tu, kama Ubisoft iliyowapa wateja nakala za kompyuta, ndizo zilizojitokeza.

Nikitoka katika historia hiyo na kuja kwa GeForce NOW, tofauti inaonekana mara moja. Nvidia haiuzi gemu hata moja. Unaunganisha akaunti zako za Steam, Epic Games Store, Ubisoft au Xbox, na unacheza kwenye mashine zao gemu ambazo tayari ni zako katika maduka hayo. Anayejua vibanda vya PlayStation vya mitaani ataelewa upesi: mwenye kibanda anakutoza muda wa kukaa kwenye mashine yake, lakini hapa diski umekuja nayo wewe na unaondoka nayo. Nvidia ikiamua kesho kwamba biashara hii haina faida, gemu zako zinabaki Steam, maendeleo yako mara nyingi yanabaki Steam pia, na siku utakayopata kompyuta yenye uwezo utazipakua na kuendelea ulipoishia. Ni kweli kwamba hata Steam huuza leseni, wala haikukabidhi gemu kama mali kamili, na tangu Oktoba 2024 yenyewe hulisema hilo wazi wakati wa kulipa. Hata hivyo leseni unayoweza kuipakua kwenye diski ya nyumbani kwako ina uzito ambao leseni ya kutazama video ya mbali haiwezi kuwa nao.

Bei zake zinaeleweka. Kuna daraja la bure, ambalo kila kikao huishia saa moja na mara nyingi hutanguliwa na foleni. Daraja la Performance ni dola 9.99 kwa mwezi, na vikao vyake hufika saa sita. Daraja la Ultimate ni dola 19.99, vikao vya saa nane, picha ya 4K na zaidi, na kadi za grafiki za daraja la juu kabisa, ambazo tangu Septemba 2025 zimeanza kuwa za RTX 5080. Ipo pia pasi ya siku moja, dola 3.99 kwa Performance na 7.99 kwa Ultimate, ambayo naipenda kwa sababu inamruhusu mtu kuijaribu huduma kamili wikendi moja bila kujifunga. Kwa mtu mzima mwenye kazi na familia, Performance inatosha. Anayetaka Ultimate awe na skrini inayoweza kuonyesha tofauti hiyo, maana kwenye kompyuta ya inchi 14 pesa ya ziada haionekani.

Dosari zake ni mbili na zote zinastahili kuelezwa. Ya kwanza ni kikomo cha saa 100 kwa mwezi, ambacho kilianza kwa wateja wapya Januari 2025 na kwa wa zamani mwaka mmoja baadaye. Saa 100 ni zaidi kidogo ya saa tatu kila siku, na watu wengi hawazifikii, lakini nyumba yenye vijana wawili wanaotumia akaunti moja itazimaliza kabla ya mwezi kwisha na kulazimika kununua saa za nyongeza. Linalonisumbua zaidi ya hesabu hiyo ni mwelekeo wake: huduma iliyouzwa kwa miaka kadhaa bila kikomo ilipata kikomo baada ya watu kuizoea, na hakuna kinachoizuia Nvidia kukishusha tena.

Ya pili ni kwamba kumiliki gemu hakukuhakikishii kuicheza huko. Huduma ilipotoka kwenye majaribio tarehe 4 Februari 2020, Activision Blizzard iliondoa gemu zake mwezi uleule, na Bethesda ikaondoa karibu zote za kwake. Wateja walikuwa wamezinunua kihalali, na mashine ya Nvidia kwa hoja yoyote ya kawaida ilikuwa kompyuta ya kukodi tu, lakini kampuni zinazotoa gemu zilisisitiza kwamba ruhusa yao inahitajika. Nvidia ikakubali kuomba ruhusa gemu kwa gemu. Baadaye hali iliboreka: Februari 2023 Microsoft ilitia saini mkataba wa miaka kumi wa kuzileta gemu zake za kompyuta, na nyingi za zile zilizoondoka zimerudi kwa mlango huo, kwa kuwa Bethesda na Activision Blizzard sasa ni za Microsoft. Mafunzo kwa mnunuzi ni ya vitendo. Kabla ya kulipa mwezi wa kwanza, tafuta katika orodha ya GeForce NOW gemu tano unazotaka kucheza kweli. Zikikosekana mbili kati ya hizo, subiri.

Kwa Xbox mambo ni mengine, na hapa najua nitatofautiana na watu ninaowaheshimu. Microsoft ilianza kutoa huduma yake ya wingu tarehe 15 Septemba 2020 katika nchi 22, ndani ya usajili wa Game Pass Ultimate, ambao wakati huo ulikuwa dola 14.99 kwa mwezi. Kwa bei ile lilikuwa jambo jema sana: gemu zaidi ya mia moja, nyingine mpya siku ileile ya kutoka, na unaweza kuanza kwenye Xbox sebuleni na kumalizia kwenye simu. Bei ikapanda mwaka 2023 hadi 16.99, mwaka 2024 hadi 19.99, na Oktoba 2025 ikaruka hadi 29.99. Mteja wa kwanza akajikuta analipa mara mbili katika miaka mitano, na akiacha kulipa hana gemu hata moja. Ni haki kusema kwamba siku hiyohiyo ya Oktoba 2025 huduma ya wingu iliongezwa pia katika madaraja ya chini ya Game Pass, na kwamba tangu Novemba 2024 mtu anaweza kutiririsha baadhi ya gemu alizozinunua mwenyewe, ambazo siku akiwa na Xbox zitamfuata huko. Upande huo nauunga mkono. Maktaba ya kukodi kwa bei hiyo ya 2025, karibu dola 360 kwa mwaka, siwezi kuiunga mkono, isipokuwa kwa mtu anayecheza gemu nyingi mpya kila mwezi na asiye na haja ya kurudia hata moja.

Wasiwasi huo haukuwa wa wachezaji peke yao. Aprili 2023 mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, iliizuia Microsoft kuinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69, na soko hili la gemu za wingu ndilo lililotajwa kuwa sababu. Ununuzi ulikamilika tarehe 13 Oktoba 2023 baada ya haki za wingu za gemu za Activision, nje ya Eneo la Uchumi la Ulaya, kuuzwa kwa Ubisoft. Watu ambao kazi yao ni kuchunguza masoko waliona kwamba anayemiliki gemu, mashine na wingu kwa pamoja anaweza kupanga bei atakavyo mara wapinzani wanapopungua.

PlayStation nitaipitia kwa haraka. Sony iliinunua Gaikai, kampuni ya gemu za wingu, mwaka 2012 kwa dola milioni 380, ikafungua PlayStation Now kutokana nayo, kisha Juni 2022 ikaiunganisha na PlayStation Plus. Leo kutiririsha kumo katika daraja la Premium, ambalo Septemba 2023 lilipanda kutoka dola 119.99 hadi 159.99 kwa mwaka. Kwa aliye na PS5 ni nyongeza nzuri ya kujaribu gemu kabla ya kuipakua. Kwa asiye na PS5 sioni sababu ya kuingilia hapo.

Sasa nije kwenye picha na mwitikio wa pedi, maana ndipo mchezaji anapohukumu kwa mikono yake mwenyewe. Katika gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde, kila fremu hudumu chini kidogo ya milisekunde 17. Safari ya amri yako kwenda kwenye kituo na picha kurudi ikichukua milisekunde 20, umechelewa kwa fremu moja na kitu, na katika gemu ya kusafiri, ya kutatua mafumbo au ya kupanga majeshi hutagundua chochote. Nilipoicheza GeForce NOW nikiwa kwa jamaa zangu Ujerumani, kwenye faiba na kompyuta ikiwa imechomekwa waya, nilisahau kabisa kwamba mashine haimo chumbani. Kwenye gemu za kupigana, ambamo kukinga pigo hutegemea fremu chache, na kwenye gemu za kulenga shabaha dhidi ya watu wengine, tofauti inahisika hata hapo. Kwa mpira wa miguu nasema inategemea mchezaji: anayecheza kwa kupasiana taratibu ataridhika, na anayetegemea chenga za haraka atakasirika.

Picha nayo ina tabia yake. Kwa kuwa inakuja kama video iliyobanwa, huonekana safi kabisa pale mambo yanapotulia, na huanza kuchafuka kunapokuwa na vitu vidogo vingi vinavyosogea pamoja: nyasi zinazoyumba, mvua, ukungu, cheche za moto. Mahali penye giza utaona vipande vya mraba kwenye kuta ambavyo havingekuwepo kwenye mashine ya nyumbani. Mtu anayependa gemu za kutisha, ambazo karibu zote huchezwa gizani, alijue hilo mapema. Waifai nayo hufanya mambo kuwa mabaya kuliko kasi yenyewe ya intaneti, kwa sababu video hii haiwezi kuhifadhiwa sekunde kadhaa mbele kama filamu. Pakiti ikichelewa, picha inaganda pale pale. Ukiweza kutumia waya, tumia waya. Usipoweza, tumia masafa ya 5 GHz na ukae chumba kimoja na ruta.

Upande wa gharama, hesabu ni rahisi kuliko wauzaji wanavyoifanya ionekane. Performance kwa miaka minne ni karibu dola 480. PS5 yenye diski ilianza kuuzwa Novemba 2020 kwa dola 499, na Xbox Series S kwa dola 299. Kwa hiyo anayejua kwamba atacheza kila wiki kwa miaka minne hapati nafuu kubwa kwa kukodi, na mwishoni mwenye PS5 bado ana kitu cha kuuza. Nafuu inakuja kwa anayecheza kwa misimu. Kuna watu wengi, na pengine ndio wengi wetu baada ya miaka thelathini, ambao hucheza gemu kubwa moja au mbili kwa mwaka, wakati wa likizo. Huyo alipe mwezi mmoja au miwili, asimamishe, arudi mwakani. Dola 20 kwa mwaka badala ya mashine ya dola 500 inayokusanya vumbi ni uamuzi ninaoweza kuutetea mbele ya yeyote. Na tangu mwisho wa 2025, bei za RAM (kumbukumbu ya kompyuta) zilipopanda kwa kasi kwa sababu vituo vya akili mnemba vinazigombania, kuunda kompyuta mpya ya gemu kumekuwa ghali kiasi kwamba hata anayecheza mara nyingi anaweza kukodi kwa mwaka mmoja akisubiri soko litulie.

Yote hayo nimeyasema nikimfikiria msomaji aliye London, Oslo, Toronto au Minneapolis. Aliye Afrika Mashariki asomee hapa kana kwamba makala inaanza upya.

Huduma ya wingu ya Xbox haikuhesabu Tanzania, Kenya wala Uganda katika nchi zake, na PlayStation haina duka rasmi katika nchi hizo, ndiyo maana wengi wetu tuna akaunti zilizosajiliwa kwa anwani za nchi nyingine. Hata Afrika Kusini, yenye duka rasmi, hupewa daraja la PlayStation Plus liitwalo Deluxe, ambalo halina utiririshaji. GeForce NOW ilipelekwa Afrika Kusini kupitia kampuni ya simu ya Rain, na hapo ndipo ilipotusogelea zaidi.

Umbali huo hauondolewi kwa kununua kasi kubwa zaidi. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 zinagharimu angalau milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni karibu kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, yaani milisekunde 25 hata kabla ya kuhesabu mzunguko wa mkongo wa baharini na vituo vya njiani. Hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000, yaani milisekunde 70, na mkongo halisi unaopita Bahari ya Shamu ni mrefu zaidi ya hapo. Nvidia yenyewe inataka muda huo uwe chini ya milisekunde 80 na inapendekeza chini ya 40. Kifurushi cha faiba cha megabiti 100 nyumbani kwako Mikocheni au Kilimani hakibadilishi chochote katika hesabu hiyo, kwa sababu upana wa njia haufupishi njia. Muuzaji wa intaneti anayekuambia kwamba kifurushi chake kikubwa ni "cha gemu" anazungumzia kupakua gemu, jambo ambalo ni kweli, wala si kuzicheza kutoka Ulaya.

Kisha kuna data. Nvidia inapendekeza megabiti 25 kwa sekunde kwa picha ya 1080p yenye fremu 60. Zidisha kwa sekunde 3,600 na ugawe kwa nane, utapata zaidi ya gigabaiti 11 kwa saa. Bando la GB 10 halimalizi saa moja. Ukicheza saa mbili kila siku, mwezi unakula karibu GB 675, na vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo vina kifungu kinachopunguza kasi baada ya kiasi fulani. Kasomeni kifungu hicho kabla ya kusaini, nimeona nyumba ambayo intaneti ya wiki ya mwisho ya mwezi haikuweza kufungua hata masomo ya watoto. Gemu ya GB 80 iliyopakuliwa mara moja usiku, kwa upande mwingine, inachezwa mwaka mzima bila kugusa data tena.

Uimara wa njia yenyewe nao usisahaulike. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani zao ikadhoofika kwa siku kadhaa. Mwenye PS4 na diski aliendelea kucheza. Hukumu yangu kwa ukanda wetu ingebadilika siku kituo chenye mashine za gemu kitakapowekwa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, kwa sababu faiba ya ndani ya miji hii tayari inaweza kuubeba mzigo huo vizuri. Anayetaka kujua kama siku hiyo imefika asitegemee tangazo. Afungue daraja la bure, aunganishe waya, acheze usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni, na aangalie muda wa safari unaoonyeshwa kwenye skrini. Ukizidi milisekunde 60, asilipe.

Neno la mwisho ni kwa ndugu walio ughaibuni wanaotaka kumlipia mpwa aliye Temeke au Likoni usajili wa mwaka kama zawadi, kwa kuwa ni rahisi kuufanya kutoka kwenye simu na unaonekana wa kisasa. Tafadhali msifanye hivyo. Mtoto atapata akaunti ya nchi asiyokuwamo, picha inayoganda, na bando linaloisha, na ataona aibu kuwaambia. Pesa hiyohiyo ya mwaka mmoja wa Game Pass Ultimate inakaribia kutosha kumnunulia PS4 iliyotumika kutoka kwa fundi anayeaminika, yenye pedi mbili na diski mbili za kuanzia, ambazo akizichoka atabadilishana na wenzake wa mtaani.